Paka wa Brussels ana saa yake ya sindano, mtoto wa Muyinga je?

BINAMU yangu anaishi Brussels, nchini Ubelgiji, na kazi yake ni kumtunza mwanamke mmoja mzee ambaye miguu haimsaidii tena. Pamoja na kazi hiyo alikabidhiwa paka wa nyumba. Kila nikimpigia simu jioni hunikatiza: "Kaka, subiri kidogo, saa ya paka imefika." Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Baadaye alinieleza kwamba paka yule ana ugonjwa wa kisukari na kwamba huchomwa insulini mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, bila kukosa.

Nilimuuliza anafanyaje. Akanieleza kwa makini kama muuguzi. Kwanza paka hupewa chakula chake, kile kile, kwa kipimo kile kile. Akishaonekana amekula vizuri, anachomwa chini ya ngozi ya mgongoni. Akigoma kula, hachomwi dozi nzima mpaka daktari wa mifugo apigiwe simu. Chupa ya insulini inakaa kwenye friji. Tone la damu hutolewa sikioni na kupimwa kwa mashine, na kila kipimo kinaandikwa kwenye daftari. Paka wanene na waliozeeka hupatwa na ugonjwa huu, na wakitunzwa hivyo wengine hupata nafuu hata sindano zikasimamishwa.

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu saa hiyo hiyo ya jioni, mjini Muyinga, dada yangu naye huwa na sindano mkononi. Wakati wa kiangazi cha Ulaya saa za Brussels na za Burundi zinalingana, kwa hiyo sindano hizi mbili huchomwa karibu dakika moja. Tofauti ni kwamba ya Muyinga anachomwa binti wa miaka 12, mpwa wangu, na kuna jioni ambazo haichomwi.

Ndugu msomaji, sikuandika makala haya ili kumwonea wivu paka. Mnyama ni kiumbe, na anayemtunza mnyama wake vizuri anastahili sifa. Nimeandika kwa sababu paka yule ana vitu vinne ambavyo mtoto wetu hana uhakika navyo: dawa, kipimo, chakula cha saa maalumu, na mtu aliyefundishwa. Vitu hivyo si anasa. Bila hivyo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hafi kwa miaka, anafa kwa siku au wiki.

Mpwa wangu aliugua akiwa na umri wa miaka tisa. Alianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa usiku mara nyingi na kukonda ilhali anakula. Katika kituo cha kwanza alichopelekwa alitibiwa malaria. Simlaumu sana aliyemtibu, kwani malaria ndiyo inayobisha hodi kila siku katika nyumba zetu. Lakini siku ya nne alianza kuhema kwa nguvu na kusinzia, pumzi yake ikitoa harufu kama ya matunda yaliyooza. Dada yangu alimpakia kwenye Probox, wakapita njia ya Karusi mpaka Gitega ninakoishi mimi, na mtoto akaingizwa hospitalini akiwa hajitambui. Tone moja la damu kwenye mashine ndogo inayoenea kiganjani lilitosha kuonyesha ugonjwa. Tone hilo lingetolewa siku ya kwanza, tusingefika huko.

Hapo ndipo nilipojifunza kisukari cha aina ya kwanza ni nini. Si ugonjwa wa kula sukari nyingi, wala si ugonjwa wa matajiri kama wengi wanavyodhani. Ni kwamba kinga ya mwili inaviharibu vijisehemu vya kongosho vinavyotengeneza insulini. Bila insulini, sukari inayotokana na ugali, ndizi au viazi inabaki kwenye damu na haiingii kwenye misuli. Mtoto anakufa njaa akiwa ameshiba.

Dawa yake ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kuipata insulini kutoka kongosho la mbwa, na Januari 1922 kijana Leonard Thompson, aliyekuwa na umri wa miaka 14 na anayesubiri kifo, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Aliishi miaka 13 zaidi. Wagunduzi waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki ya ugunduzi wao kwa dola moja moja kila mtu, ili dawa isije ikawa mali ya wachache. Leo kampuni tatu tu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zinashikilia zaidi ya asilimia 90 ya soko la insulini duniani. Sijui wale mabwana wa Toronto wangesema nini wakifufuka.

Tuje sasa kwenye maisha ya nyumbani, maana hapo ndipo vita vilipo. Mpwa wangu anatumia insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, asubuhi na jioni. Anachomwa nusu saa kabla ya kula. Chupa haitikiswi kwa nguvu, inaviringishwa taratibu kati ya viganja. Mahali pa kuchoma panabadilishwa, leo paja, kesho tumbo, ili ngozi isiwe na uvimbe. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: sindano ya asubuhi haiishi na chai ya asubuhi. Inaendelea kufanya kazi mchana kutwa. Mtoto asipokula mchana, insulini haina cha kushughulikia ila sukari kidogo iliyobaki kwenye damu. Inashuka, mtoto anatetemeka, anatokwa jasho, anaropoka, kisha anaanguka.

Sasa mwambie mama wa Muyinga kwamba mwanawe lazima ale saa moja, saa sita na saa moja jioni, kila siku, chakula kinacholingana. Katika nyumba nyingi mlo ni mmoja au miwili, na saa yake ni saa mama atakaporudi kutoka shambani au sokoni. Maharage, mchicha na ndagala ni chakula kizuri kabisa kwa mwenye kisukari. Tatizo si aina ya chakula, ni uhakika wake. Dada yangu alikuwa na desturi ya kuiacha sindano siku ambayo hakuna chakula. Alikuwa na mantiki yake, maana aliogopa mtoto ataanguka. Daktari alimweleza kwamba kuiacha kabisa nako ni hatari, kwa sababu mwili wa mtoto huyu unahitaji insulini hata asipokula, na akiikosa sumu inajikusanya kwenye damu. Alimwandikia kwenye daftari mpango wa siku ya ukata na mpango wa siku ya homa: dozi ipunguzwe kiasi gani, apimwe mara ngapi, na akimbizwe hospitali lini. Ukurasa ule mmoja wa daftari umefanya kazi kubwa kuliko mawaidha yote tuliyompa sisi ndugu. Kila mzazi mwenye mtoto kama huyu auombe kwa daktari wake, maana dozi ya mtoto mmoja si ya mwingine na haiandikwi gazetini.

Suala la pili ni ubaridi. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne. Familia nyingi za Burundi hazina umeme, na zenye umeme nazo zinajua unavyokatika. Kwa miaka mingi wagonjwa waliambiwa kwamba bila friji hakuna insulini nyumbani. Basi mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya utafiti uliotumia vipimo vya joto la nyumba za kambi ya Dadaab, kaskazini mwa Kenya. Waligundua kwamba insulini inayokaa kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne inabaki na nguvu yake. Kama inawezekana Dadaab kwenye jua la jangwani, itashindikanaje Gitega, mji wa milimani ambako usiku tunajifunika blanketi?

Nyumbani kwa dada yangu chupa inakaa ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati kukiwa na mchanga uliolowanishwa maji. Maji yanapokauka yanaondoka na joto. Chungu kinafunikwa kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kivulini penye upepo, na chupa inafungwa kwenye mfuko mkavu isiingie maji. Vyungu hivyo vinafinyangwa hapa hapa na ndugu zetu Watwa, ambao ufinyanzi ni kazi yao tangu enzi za mababu. Si lazima kila suluhisho lishuke kwenye ndege.

Nikisema hivyo nakumbuka jambo lililotupa somo gumu. Binamu yangu wa Brussels, kwa moyo mwema, alimtuma msafiri na boksi la sindano zilizobaki za paka. Zilikuwa mpya, safi, ndani ya karatasi zake. Dada yangu alishukuru sana, kwani sindano zake alikuwa akizitumia tena na tena mpaka ncha zinakuwa butu. Bahati nzuri zilipitia kwangu Gitega na nikamwonyesha muuguzi mmoja kabla ya kuzituma Muyinga. Aliziangalia, akaona vifuniko vyekundu, akanyamaza kidogo. Kisha akanisomea maandishi madogo ubavuni.

Sindano zile zilikuwa za insulini ya yuniti 40 kwa mililita, ambayo hutumika sana kwa wanyama. Insulini ya mpwa wangu, kama ilivyo ya binadamu katika nchi nyingi sasa, ni ya yuniti 100 kwa mililita, na sindano zake kwa kawaida zina kifuniko cha rangi ya chungwa. Ukivuta dawa ya 100 kwa sindano ya 40 mpaka kwenye alama ya 10, hujavuta yuniti 10, umevuta 25. Hesabu ni ya darasa la tano, lakini matokeo yake ni kaburi. Nilitetemeka. Tangu siku hiyo nikijua kuna mtu analeta msaada wa vifaa vya kisukari kutoka ng'ambo, nasema soma namba kwenye chupa na usome namba kwenye sindano, zisipolingana usichome.

Huruma ya ndugu, ndugu msomaji, haiwezi kuchukua nafasi ya mpango wa nchi.

Somo lingine lilitokea shuleni, mwezi wa Ramadhani. Familia ya dada yangu ni ya Kiislamu, kama zilivyo nyingi za Muyinga mjini. Mtoto aliambiwa asifunge. Lakini mtoto ni mtoto, aliona aibu kula wenzake wakifunga. Asubuhi alichomwa sindano yake, akaaga, na uji aliotengewa akampa mdogo wake. Saa saba mchana alianza kuropoka darasani na akaanguka. Mwalimu alidhani ni mashetani na watoto wakakimbia. Aliyemwokoa ni mama muuza maandazi wa nje ya shule, ambaye mumewe aliwahi kuugua kisukari. Mtoto alikuwa bado anaweza kumeza, akampa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, akasubiri robo saa, akampa tena. Dakika chache baadaye mtoto alifungua macho na kuuliza madaftari yake yako wapi.

Vijiko vitatu vya sukari! Na katika miaka ya karibuni sukari yenyewe imekuwa ikiadimika madukani kwetu, hata dada yangu anaweka gramu chache kwenye mfuko wa mtoto kama mtu anayeficha dhahabu. Ikumbukwe pia kwamba aliyezimia kabisa hamiminiwi kitu mdomoni, anaweza kupaliwa na kufa. Huyo analazwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Sheikh mmoja wa mtaani alikuja nyumbani jioni ile akazungumza na binti kwa upole. Alimweleza kwamba Kurani yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge, na kwamba kuikubali ruhusa ya Mungu si dhambi. Madaktari nao wanasema anayefunga akiwa na kisukari lazima afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 70 au ikipanda juu ya 300 kwenye mashine. Maneno hayo yasingoje mtoto aanguke. Yatolewe misikitini kabla mwezi haujaandama, na makanisani kabla ya Kwaresima.

Sasa nizungumze na wakubwa. Mwezi Mei 2006 Serikali ya Burundi ilianzisha matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Ulikuwa uamuzi mkubwa na uliokoa maisha ya wengi. Lakini kisukari cha aina ya kwanza hakisomi kalenda yetu. Watoto wengi hukipata wakiwa kati ya miaka minne na saba, na wengine wanapoingia balehe. Maana yake ni kwamba ugonjwa unaingia mlango mmoja wakati msaada unatokea mlango mwingine. Mtoto wa miaka tisa wa mkulima, ambaye baba yake si mtumishi wa Serikali mwenye bima, anabaki mikononi mwa mama anayeuza mihogo.

Nionavyo mimi, mambo manne yanawezekana. La kwanza, insulini, sindano na vijiti vya kupimia viwe bure kwa kila mtoto na kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza, bila kujali umri wa miaka mitano. La pili, dawa hizo zipatikane kwenye hospitali iliyo karibu na si Bujumbura au Gitega peke yake. Tangu mwaka 2025 Muyinga imo ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza. Mipaka imebadilika, lakini safari ya mgonjwa haijafupika hata hatua moja, na kwa uhaba wa mafuta ya gari tuliouona miaka hii, safari ya kufuata chupa moja inaweza kula siku mbili. La tatu, kila kituo cha afya kiwe na mashine ya kupimia sukari, na mtoto yeyote anayekuja na homa, kiu na kukonda apimwe malaria na sukari pamoja. La nne, katika kila shule yenye mtoto kama huyu walimu wawili wafundishwe dalili na huduma ya kwanza.

Najua jibu litakalokuja. Wataniambia nchi ni maskini, malaria inaua wengi zaidi, watoto wa kisukari ni wachache. Ni kweli kwamba ni wachache, na hiyo ndiyo sababu ya kuweza. Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na kwa watoto wengi inatosha karibu mwezi mzima. Linganisha na siku kadhaa za kulazwa mtoto aliyepoteza fahamu, maji ya mishipani, vipimo, na mama asiyelima wiki mbili. Uchumi gani unaokataa chupa ukalipia kitanda? Na tukisema wachache wasubiri mpaka wengi wapone, basi hakuna siku watakayofikiwa.

Wala si jambo la kubuni. Jirani zetu wa Rwanda walianza miaka mingi iliyopita kuwafundisha wauguzi wa hospitali za wilaya kutibu magonjwa ya namna hii, na Agosti 2022 mawaziri wa afya wa Afrika waliokutana Lomé, Togo, chini ya Shirika la Afya Duniani waliukubali mpango wa aina hiyo kwa bara zima. Miezi mitatu kabla, mkutano mkuu wa shirika hilo uliweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 kila mwenye kisukari cha aina ya kwanza awe na insulini anayoimudu na kifaa cha kujipima. Si asilimia 80, ni kila mmoja. Mwaka 2030 hauko mbali.

Nasi wananchi tuna sehemu yetu. Tuache kuwaambia wazazi kwamba mtoto amerogwa. Tuache kuwapa majani ya kuchemsha ili "waachane na sindano," kwani hakuna jani linalochukua nafasi ya insulini kwa mtoto huyu, na wapo waliozikwa kwa ushauri wa aina hiyo. Jirani mwenye saa ya kuaminika, mwenye friji au mwenye akiba ya unga, ajue kwamba sahani moja ya saa sita mchana inaweza kuwa nusu ya dawa.

Wiki iliyopita nilimpigia binamu yangu jioni, akanikatiza kama kawaida yake. Nikasubiri kwenye simu, nikamsikia akifungua kopo la chakula cha paka, akihesabu yuniti kwa sauti ya chini. Nilipokata nilimpigia dada yangu Muyinga. Akaniambia sindano ipo ya siku sita, na kwamba chakula kilikuwa hakijaiva kwa sababu kuni zimelowa. Mtoto alikuwa amekaa jikoni na daftari lake, akingoja sufuria ya maharage ichemke ndipo aivute dozi yake.

Sisi tunaoongoza, tunaoandika na tunaosoma tujiulize kama inatupasa kumwacha mama huyo aifanye peke yake kazi ambayo kwingine hufanyiwa hata paka kwa msaada wa daktari, friji na simu. Mtoto wa Muyinga haombi cha ajabu. Anaomba saa yake ya sindano iwe ya uhakika.